Mtu wa Kusimama Nyuma ya Daktari

4 Februari

Nahodha,

Usishtuke kupata barua. Najua una simu na mimi ninayo, lakini simu siku hizi zinanichosha. Tukishamaliza kuongea nabaki nimeishika mkononi, najiuliza tumekubaliana nini. Karatasi ukiisahau unaisoma tena. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu, ule ambao mwalimu wetu wa lugha alisema ni wa kuku aliyekanyaga wino.

Bado niko juu ya kreni, huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Sasa tunajenga jengo la ghorofa kumi na nane, na mimi nakaa juu ya mafundi wote kwenye kibanda changu cha vioo, chupa ya chai miguuni, naangalia mikono ya mpiga ishara kule chini. Akiinua kidole napandisha, akigeuza kiganja nashusha, akikunja ngumi nasimama. Kazi tamu. Hakuna bosi anayepanda ngazi zote zile kuja kunigombeza.

Sasa kampuni imeleta sheria mpya. Kila mwendesha kreni aliyevuka miaka arobaini na tano apimwe kichwa. Siyo macho, siyo presha. Kichwa! Unakaa na daktari chumbani saa nzima, anakuuliza tarehe, anakutajia maneno matano uyakumbuke, anakwambia utoe saba kwenye mia, na tena saba, mpaka uone nyota. Ukishindwa, leseni inafutwa. Mimi nishushwe nikafanye nini chini? Nichanganye zege na watoto?

Nina vijisahau, sikufichi. Nani hana? Lakini karatasi yao inasema uje na mtu anayekufahamu tangu zamani, akae humo humo chumbani, aulizwe habari zako. Mke wangu simtaki. Unamjua, ni mkunga, na hajui kusema uongo hata akipewa mtoto mwenye sura ya babu yake amsifie. Ndipo nikakukumbuka wewe.

Si unamkumbuka mwalimu wa sayansi na mkoba wake wa dawa? Mtu akigongwa uwanjani anakuja mbio na maswali yake matatu: kipindi cha ngapi, tunacheza na nani, pointi ngapi. Wewe unakuja kusimama nyuma yake, mikono kiunoni, kama mtu anayengoja tu mchezo uendelee. Ukigusa sikio, kipindi cha kwanza. Ukigusa pua, cha pili. Vidole pajani, pointi. Miaka minne ya raga, na timu yetu haikutoa mtu nje hata mmoja! Shule nyingine walidhani tuna vichwa vya chuma.

Ni tarehe ishirini na tano, saa tatu asubuhi. Njoo unisimamie mara moja ya mwisho.

Wako,
Kifaru

*

10 Februari

Kifaru,

Nimecheka barua yako mpaka vijana wangu wakachungulia mlangoni. Naandika nikiwa chumba cha vifaa, kati ya mipira iliyoishiwa upepo na viatu vinavyonuka. Mimi bado mwalimu wa michezo, bado nina filimbi shingoni, na goti langu bado linatabiri mvua kuliko redio. Mwaka huu timu yangu ni kali. Tukienda hivi tutafika fainali.

Nitakuja. Nilikuvusha mara zote, nitakuvusha na hii. Nitaomba ruhusa, niseme nina mgonjwa. Hapana, mgonjwa siyo neno zuri, nitasema nina shughuli ya kaka.

Anza mazoezi. Mia, tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, sabini na mbili, sitini na tano. Imba kama wimbo ukiwa kibandani, hakuna atakayekusikia. Tarehe tutaangalia pamoja mlangoni. Maneno matano niachie mimi, nitayaandika kiganjani.

Ila kaka, niambie kitu kimoja. Hivyo vijisahau ni vya namna gani? Vya kuacha funguo, au vingine?

Nahodha

*

15 Februari

Shemeji,

Barua yako kwa mume wangu nimeikuta kwenye mfuko wa ovaroli nilipokuwa nafua. Usimlaumu kwamba hakuficha. Alificha, kisha akasahau kwamba ameficha. Na ukimwandikia mwambie nimeisoma, simwogopi mtu. Mimi kazi yangu ni kukaa na watu wanaopiga kelele na bado nikafanya linalotakiwa.

Umemuuliza vijisahau vya namna gani. Hatakujibu, kwa hiyo najibu mimi. Wiki iliyopita tulikuwa tunakula mchana, akaweka kijiko chini akaniuliza kama mama yake ameshapelekewa chakula. Mama mkwe tulimzika miaka sita iliyopita. Nikamwambia taratibu. Alinitazama kama ndiyo kwanza anapata msiba, akalia, halafu akakasirika kwa sababu nimemwona akilia, akapiga mlango wa stoo ngumi mpaka ubao ukapasuka. Mwanamume huyu tangu anioe hajawahi kunyanyua mkono hata kwa kuku. Siku hizi watoto wakisikia mlango wa mbele wananyamaza. Hicho ndicho kijisahau chako.

Na kuna la kazini. Alirudi akicheka, akasema, "Leo nimemfundisha mtu kuruka." Sikuelewa. Nikaenda kumuuliza mke wa mpiga ishara, nilimzalisha mimi mwaka jana. Mume wake alikunja ngumi, yaani simama. Kifaru aliiona, akashusha. Tani mbili za nondo, Shemeji, na chini alikuwepo mfunga minyororo ya mzigo. Yule mtu aliruka akavunjika kifundo cha mguu. Angekuwa mzito kidogo tungekuwa tumezika. Msimamizi ameandika kwamba ulikuwa upepo, kwa sababu wote wanampenda Kifaru.

Kwa hiyo usije. Ukija kumpa majibu, siku nondo zitakapomwangukia mtu mkono wako utakuwepo kwenye hiyo kreni. Wenyewe tunasema mficha uchi hazai, na mimi nimewaona wengi waliojaribu.

Nijibu swali moja kama una uso wa kunijibu. Mume wangu anasema kwenye raga hakuwahi kuzimia hata siku moja. Alizimia mara ngapi?

Shemeji yako,
Mkunga

*

18 Februari

Kifaru,

Siji.

Mkeo ameisoma barua yangu, ameniambia nikwambie, na ameniambia habari za nondo. Ukitaka kukasirika anza na mimi, yeye muache. Ameniuliza swali na nimeona nikujibu wewe mwenyewe, maana ni kichwa chako.

Ulizimia mara kumi na moja. Najua kwa sababu nilikuwa nahesabu. Mwanzo nilihesabu kwa fahari, kama mtu anayehesabu magoli. Baada ya ile ya tano nikawa nahesabu kwa woga, lakini nikaendelea kugusa sikio.

Sasa sikia hili, nimelibeba miaka thelathini. Nusu fainali, lile bao lako la dakika ya mwisho, lile unalosimulia kila tukikutana, jinsi ulivyompita mmoja, ukambeba wa pili mgongoni, ukaanguka na mpira ng'ambo ya mstari na shule nzima ikakuinua juu. Hulikumbuki, Kifaru. Ulikuwa umegongwa kipindi cha kwanza, goti la mtu hapa juu ya jicho. Ulipoinuka uliniuliza mimi ni nani. Mimi! Nikampa mwalimu majibu yako yote kwa vidole, nikakugeuza mabega, nikakwambia kimbilia kule kwenye miti ya goli. Ukakimbilia kwenye miti. Jioni ulitapika kwenye beseni la bweni na ukaniuliza kama tumeshacheza.

Nikakusimulia. Kesho yake nikakusimulia tena, na keshokutwa, mpaka ukaanza kunisimulia wewe. Lile bao ninalolisikia mdomoni mwako ni maneno yangu, hata ule utani wa mgongoni ni wangu.

Sikuwa mbaya, nilikuwa na miaka kumi na saba na nilitaka kushinda. Najua haikusaidii. Nenda na mkeo.

Nahodha

*

21 Februari

Wewe,

Sikuiti Nahodha. Nahodha hashuki chomboni akaacha wenzake.

Bao ni langu. Miguu iliyokimbia ni hii hapa, naiangalia. Alama ya goti iko juu ya jicho langu, haiko juu ya lako. Wewe ulisimama tu, ukashika pua yako safi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuivunja, na leo unataka kuninyang'anya hata nilichopigiwa. Kama ulihesabu mpaka kumi na moja, mdomo ulikuwa wapi?

Nitaenda peke yangu. Nimeshaimba mia mpaka sitini na tano, na nimeongeza hamsini na nane ya kumkomoa daktari. Mkunga abaki nyumbani, wewe baki na filimbi yako. Sihitaji mtu nyuma ya mtu.

Kifaru

*

27 Februari

Nahodha,

Bado nina hasira na wewe. Naandika nikiwa nayo, usije ukadhani imeisha.

Nilikwenda. Mkunga alikuja pia, nilimkataza akavaa viatu akanifuata, akaketi kwenye benchi la nje na mkoba wake magotini. Chumba kidogo, kalenda imefunikwa gazeti ili mtu asiibe tarehe. Daktari ni dada mdogo, mpole, ana sauti ya kusomesha watoto. Nyuma yake kuna kiti cha yule mtu anayekufahamu tangu zamani. Kitupu. Sikuacha kukiangalia.

Nilimshinda, kaka. Tarehe nilijua. Saba nilizitoa mpaka hamsini na nane, akatabasamu. Maneno matano nilimpa manne. Nikachora na saa ya ukutani, mishale yote mahali pake. Nikasema moyoni, huyu nimemuweza, nimebakiza mstari tu. Ndipo akauliza, kama mtu anayeuliza umekunywa chai, "Baba, umewahi kupoteza fahamu kwa kugongwa kichwani?"

Mdomo ukafunguka wenyewe kusema hapana. Hapana hiyo naijua kuliko jina langu, nimeisema tangu nina miaka kumi na minne.

Lakini siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimemwona yule mfunga minyororo. Amekuja kwenye jengo na magongo mawili kusaini karatasi zake. Alikuwa anatazama huku na huku, ananitafuta anisalimie. Nikajificha nyuma ya lori. Mimi! Watu kumi na watano walinikimbilia uwanjani miaka ile na sikumpisha hata mmoja, leo namkimbia mtu wa mguu mmoja aliyetaka kunipa mkono. Nilisimama pale nyuma ya tairi mpaka akaondoka, na nilijichukia kuliko ninavyokuchukia wewe.

Nikamwambia daktari: ndiyo. Akauliza mara ngapi. Nikasema sijui, muulize aliyekuwa anahesabu. Halafu nikamwambia amuite yule mama wa benchi la nje, yeye atasema yote, hana adabu ya kuficha. Mkunga akaingia, akaketi kwenye kile kiti, akasema. Kila kitu. Mama yangu, mlango, nondo. Nilidhani nitaona aibu. Nilichoka tu, nikaomba maji.

Daktari anasema lazima nipigwe picha ya kichwa, na hawezi kuapa kwamba ni raga. Inaweza kuwa presha, inaweza kuwa umri, inaweza kuwa yote. Lakini vichwa vilivyogongwa sana utotoni, anasema, madaktari wamejifunza kuviogopa. Anataka hesabu yako kwa maandishi. Tarehe unazokumbuka, niligongwa wapi, nilikaa chini muda gani, nilirudishwa baada ya dakika ngapi. Na anataka iandikwe nani alinirudisha. Hiyo ya mwisho nimemuomba mimi.

Leseni nimeirudisha mwenyewe kabla barua ya daktari haijafika ofisini. Nilipanda juu kuchukua chupa yangu ya chai, nikashuka kwa miguu yangu ngazi zote. Wasije wakasema Kifaru alishushwa. Kisha nikaenda nyumbani kwa mtu wa magongo nikamwambia haukuwa upepo.

Na usiniletee pole. Raga naipenda mpaka kesho, ningerudi leo uwanjani kama wangeniacha. Mchezo haukunidanganya. Ulinigonga mchana kweupe, mbele ya watu. Walionidanganya ni wewe na mimi mwenyewe.

Nina swali. Vijana wako wakigongwa, nani anasimama nyuma ya daktari?

Kifaru

*

5 Machi

Kwa Daktari,

Mimi ni mwalimu wa michezo, na nilikuwa nahodha wa timu ya shule aliyoichezea mgonjwa wako kwa miaka minne. Nimeambatanisha orodha ya mara kumi na moja alizopoteza fahamu, kwa kadiri ninavyokumbuka. Tarehe nne nina hakika nazo, nyingine nimeweka mwezi tu.

Katika safu ya mwisho umeomba jina la aliyeamua arudi mchezoni. Mwalimu wa huduma ya kwanza alimpitisha kila mara, kwa sababu mgonjwa alijibu maswali yake sawasawa. Majibu yale nilimpa mimi kwa ishara za mkono. Kwa hiyo safu hiyo nimeijaza jina langu mara kumi na moja na kutia sahihi kila mstari.

Naruhusu karatasi hii isomwe na mtu yeyote utakayeona inafaa, hata shuleni kwangu.

Mwalimu wa Michezo

*

9 Machi

Kifaru,

Orodha imekwenda. Mara ya kwanza kuandika jina langu kalamu ilikuwa nyepesi. Kufika ya saba nikainuka kwenda kunawa uso.

Umeniuliza swali na nimekaa nalo wiki nzima. Jumamosi ndipo nilipopata jibu. Nusu fainali yetu, kipindi cha pili, kijana wangu mkubwa wa safu ya mbele akagongana kichwa na mwenzake. Alilala pale, mkono mmoja umekakamaa juu kama anaomba ruhusa ya kutoka darasani. Muuguzi akaja na maswali. Na nahodha wa timu yangu, mtoto mzuri, mtoto wa kanisani, akatembea akasimama nyuma yake, akashika pua.

Sikuwafundisha. Naapa sikuwafundisha. Niliwafundisha waliowafundisha.

Nikaingia uwanjani nikamtoa yule kijana mwenyewe, nikimshika kiunoni, anapigana na mimi huku analia kwamba ni mzima. Tulishinda kwa pointi mbili bila yeye. Sasa Jumamosi hii ni fainali. Mkuu wa shule ameniita ofisini, baba wa kijana ameshakaa pale. Wanasema muuguzi alimpitisha, alijibu maswali yote. Nikawaambia alijibuje. Nikawaeleza sikio na pua na paja, na nani alianzisha. Baba mtu akacheka, akasema hata wao enzi zao walikuwa nao ujanja wao, na angalia, wako wazima. Mkuu akanipa mpaka Ijumaa: nimpange kijana au nirudishe filimbi.

Simpangi. Na filimbi sirudishi, waje waitoe mdomoni. Nitakuwa pale pembeni Jumamosi hata kama ni kwa tiketi ya mtazamaji. Lakini nisikudanganye tena, wamepata mwalimu mwingine wa kusimama badala yangu, na yeye atampanga. Wao ni wengi, na mimi niko peke yangu.

Nahodha

*

11 Machi

Nahodha,

Barua yako imefika leo kwa basi la asubuhi. Nimeisoma mara mbili, na Mkunga amenisomea mara ya tatu ili nisiseme sikuambiwa.

Tunakuja. Ametafuta mtu wa kumshikia zamu, mimi zamu sina. Amebeba nakala ya orodha yako yenye sahihi kumi na moja, na anasema atamsomea yule baba mtu mstari kwa mstari, kwa sauti yake ya chumba cha kujifungulia. Namwonea huruma yule baba. Nikisahau njiani tunakwenda kufanya nini, atanikumbusha, tumeshakubaliana na nimeahidi kutonuna.

Wewe usigombane na mtu. Nionyeshe tu kijana ni yupi. Nitakaa mbele yake pale pembeni, kipindi cha kwanza na cha pili, na anayetaka aingie uwanjani aanze kwa kuniondoa mimi. Mwambie mkuu wako nina kilo mia moja na kumi, na siku hizi sina kazi ya kuwahi.

Kifaru